Akileta Samaki, Usiandike Amepona

Juzi kijana mmoja wa kituo chetu cha afya alinipigia simu. Ni mmoja wenu ninyi mnaotibu viungo leo, amesomea kazi ya kine, ana mikono mizuri ya kunyoosha viungo, na mama yake namjua tangu hajaolewa. Akaniuliza, "Mama Vero, goti iko namna gani?" Nikamjibu, "Iko muzuri, mwanangu, aksanti sana." Akafurahi, akaniaga, na nina hakika muda uleule aliandika kwamba bibi huyu amepona. Mimi wakati huo nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi, namngoja mjukuu atoke shuleni aje aniinue.

Sikumdanganya kwa ubaya. Mtu akikuhudumia vizuri halafu akuulize habari, utamjibu nini? Kwetu hapa Kalemie mgonjwa mwenye adabu hamvunji moyo anayemtibu. Hilo nilijifunza zamani, katika jiko moja lenye moshi, na kwa kuwa ninyi vijana hamna muda wa kuja kunisikiliza, nimeamua kuwaandikia.

Nilianza kazi ya viungo siku zile za uhuru, mji huu ukiwa bado unaitwa Albertville. Kine wetu, Madame mmoja mpole aliyekuwa akivaa viatu vya mpira, alirudi kwao Ulaya pamoja na wengine waliokuwa wanafunga masanduku. Alituachia meza ya masaji, kamba iliyopitishwa kwenye boriti ili mkono mzima uuvute mkono mgonjwa, na kipimo cha mbao cha kuonyesha kiungo kinakunjika mpaka wapi. Alituachia pia Papa Anaclet, na huyo ndiye aliyekuwa na thamani kuliko vyote.

Papa Anaclet alikuwa infirmie, yaani muuguzi, Muholoholo wa hapahapa ziwani, mtu mnene mwenye sauti ya kuita meli. Alikuwa anapenda vitu viwili duniani: viungo vya watu na samaki wabichi. Kazi alijifunza akiwa amesimama nyuma ya Madame, na alinifundisha mimi kwa njia ileile, tofauti ni kwamba Madame hakuwa akipiga kelele.

"Funga macho, Vero!" alikuwa akinifokea. "Macho inakudanganya. Weka mukono pale kwa mufupa ya bega, nyuma. Sasa mwambie ainue mukono."

Nikaweka kiganja, mgonjwa akainua. Ule mfupa mpana wa mgongoni ukanipanda mkononi kabla mkono wenyewe haujaondoka ubavuni.

"Umesikia? Ile njo bega ya mwizi. Mukono haikupanda. Ni mwili yote inaiba, inabeba mukono juu. Ukiangalia mbele, utasema amepona."

Hata leo, mkinipa bega la mtu nitawaambia kwa kiganja tu kama linaiba. Hizo mashine zenu ni nzuri, zitumieni. Lakini wekeni na kiganja.

Basi, kumtibu mtu tulijua. Tulichokuwa hatujui ni nini kinampata akitoka mlangoni. Dispanseri yetu ilikuwa karibu na kambi ya reli, watu walitoka pande zote. Wengine walitoka Kabimba kwenye kiwanda cha chokaa na simenti, wengine walishuka na treni toka upande wa Kongolo. Mtu anakuja, anakuja, halafu siku moja haji tena. Je, amepona? Amekata tamaa? Amekufa? Papa Anaclet alikuwa na sheria yake, na dispanseri nzima tuliifuata kwa furaha: mgonjwa akileta kitu cha shukrani, amepona. Kwetu muntu haachi mganga mikono mitupu. Ataleta kuku, unga wa muhogo, sangala mwenye mafuta. Kitu kikifika, Papa anashika mkono wa mgonjwa, anacheka kicheko chake, na kazi imeisha. Nani angebishana na sheria tamu namna hiyo?

Sasa niwaambie juu ya Mama Feza.

Alikuwa mwanamke wa ng'ambo ya kaskazini ya ziwa, aliyeshuka huku na mume wake mvuvi. Mume aliugua homa akafa, akamwacha na watoto wadogo katika nyumba ya kaka mkubwa wa marehemu, Papa Etienne. Huyu Papa Etienne alikuwa pointeri bandarini, yaani yule anayesimama na chaki kando ya meli na kupiga alama kwenye kila gunia linalopakiwa. Mtu mkavu, shati limepigwa pasi, maneno machache. Mama Feza alikuwa akinunua ndakala, wale dagaa wa ziwa letu, ufukweni, anawakausha, anajitwika beseni kichwani na kwenda kuuza sokoni na kambini. Siku moja aliteleza kwenye mawe yenye maji akiwa na mzigo, akavunjika mkono wa kuume juu karibu na bega. Hospitali walimfunga plasta. Plasta ilipotolewa, mfupa ulikuwa umeunga, lakini mkono umeganda ubavuni, hauendi mbele wala juu.

Tulimfanyia yote. Kitambaa cha moto kwanza. Kisha ainame, mkono uning'inie na kubembea wenyewe, chupa ya maji mkononi. Kisha kamba ya boritini. Kisha vidole vitembee ukutani, vikipanda juu kidogo kidogo. Alikuwa akitokwa jasho, midomo ameikaza, halalamiki. Tukimuuliza, "Inauma?" anajibu, "Hapana, iko muzuri."

Na kweli, siku moja akaja na kuhe, samaki mkubwa wa njano, ndani ya gunia lililoloweshwa maji. Alimbeba kwa mkono wa kushoto. Hilo niliona, lakini samaki yule alikuwa mzuri mno, akili yetu sote ilienda kwake.

"Feza! Umepona!" Papa Anaclet alipiga kelele hadi watu wa benchi wakacheka. Halafu akakuna kichwa. Mke wake alikuwa amesafiri kwenye msiba Kongolo, na yeye jikoni hakuwa anajua hata kuwasha moto. "Sikia, mama. Samaki hii nikiipeleka kwangu itaoza. Rudi naye, upike weye. Jumapili tutakuja kula kwako, mi na Vero."

Nilimwona Mama Feza anatafuta neno la kukataa. Akafunga tena gunia. Nani anamkatalia mganga kuja kula?

Jumapili tukaenda. Papa Etienne alitupokea na shati lake jeupe, tukakaa. Samaki alikuwa na nyanya na pilipili, bukari, ugali wetu mweupe, imesongwa vizuri, haina hata donge. Papa Anaclet alikula kama mtu anayehama. Katikati ya kula, Papa Etienne akauliza taratibu:

"Dokta, huyu mwanamuke alishapona?"

"Alishapona kabisa!" Papa akaonyesha bukari kwa kidole. "Angalia vile imesongwa. Hii si kazi ya mugonjwa."

"Basi aksanti. Kesho ataanza tena kubeba ndakala."

Mama Feza aliangalia chini. Binti yake mkubwa, aliyekuwa amesimama mlangoni, naye akaangalia chini. Ndipo nilipojua ni nani aliyesonga ile bukari.

Maji ya kunawa yakaisha. Mama Feza akachukua ndoo, nami nikasimama nimsindikize, maana mwanamke hakai kama mgeni wakati mwenzake anakwenda kuteka maji. Kwenye robine, bomba la maji la mtaa, akajaza ndoo. Kisha akasimama. Akaanza kunipa habari za soko, za jua, za mtoto wa jirani. Ndoo imejaa, maji yanamwagika, yeye anaongea. Nikaelewa kwamba anangoja apite mwanamke wa kumtwika.

"Mama Feza," nikamwambia, "jitwike."

"Vero, usinitie haya hapa njiani."

"Jitwike tu, nione."

Akashika ndoo kwa mikono miwili, akaifikisha kifuani, na hapo ikabaki. Mwili ukapinda upande, bega likapanda mpaka sikioni. Akaitua chini, maji yakatulowesha miguu. Akaanza kulia bila sauti, anageuza uso ili watu wa robine wasimwone.

"Kwa nini haukusema, 'Bado'?"

"Nani atamwambia Dokta kazi yake haikufaa? Na weye haujui kitu iko kwa nyumba. Shemeji alisema, kama mukono hauponi, nirudi kwa baba yangu kule kaskazini. Hana nguvu ya kulisha muntu asiyetumika kazi. Na batoto batabakia hapa, kwa sababu ni batoto ba ndugu yake." Akapangusa macho kwa kitenge. "Nilileta ile samaki ili Dokta aseme nimepona. Amesema. Sasa kesho nitafanya nini?"

Nilimtwika ile ndoo, tukarudi, tukanawa, tukashukuru, tukaaga. Njiani nikamweleza Papa Anaclet kila kitu. Alisimama katikati ya barabara, tumbo limejaa.

"Nilikula samaki ya mugonjwa," akasema. Halafu akageuka. "Turudi."

"Sasa hivi, Papa?"

"Sasa hivi. Kesho atabeba, ataanguka, na mukono utavunjika tena."

Mama Feza alipotuona tunarudi alikaa chini kwenye kizingiti. Nilimwonea huruma mpaka nikatamani tungeendelea na safari yetu. Tukisema ukweli tunamtoa kwa watoto wake, tukinyamaza tunamvunja mkono. Papa Anaclet hakuzunguka. Alimwendea Papa Etienne, akavua kofia.

"Papa, nilisema vibaya mbele yako. Feza hajapona. Bado."

Papa Etienne hakukasirika. Aliuliza neno moja tu, kama anavyouliza kando ya meli.

"Bado kiasi gani?"

Vijana wangu, katika maisha yangu ya kazi sikuulizwa swali zuri kuliko hilo. Kila mtu alikuwa akituuliza amepona au hajapona. Papa Anaclet aligeuka akaingia jikoni bila kukaribishwa, akachukua kipande cha mkaa mafigani, akamwita Mama Feza mbele ya ukuta.

"Tembeza vidole. Usiibe."

Vidole vikapanda ukutani polepole, vikakwama usawa wa kidevu. Papa akapiga alama ya mkaa hapo. Kisha akachukua beseni la ndakala, akaliweka kichwani kwa Mama Feza, akamwambia Papa Etienne aangalie mikono ingepaswa kushika wapi, na hapo juu akapiga alama nyingine.

"Unaona? Toka hapa mupaka hapa. Bado yake njo hiyo."

Papa Etienne alitazama ule ukuta kwa makini, kama shehena mpya.

"Na nani atapima?"

"Weye. Kazi yako si kupiga alama?"

Mimi nikaongeza, maana sikutaka wanaume wawili wamalize peke yao, "Na uweke kiganja hapa nyuma ya bega la Feza, Papa. Mfupa huu ukitangulia kupanda, alama hiyo ni ya uongo, usiiandike." Kwanza alisitasita, ni mke wa ndugu yake. Basi tukakubaliana kwamba kiganja ataweka mke wa Papa Etienne, na mwenyewe atapiga alama.

Hakuahidi kitu. Alisema tu kwamba kesho Feza asibebe, na kwamba ataangalia. Kwa Mama Feza hiyo ilitosha kwa kupumua, haikutosha kwa kulala.

Siku zilizofuata tulimpata Papa Etienne mlangoni mwa dispanseri, amekasirika kweli. "Dokta, alama haipande! Nyinyi munafanya nini hapa?" Mara nyingine alikuja kumshtaki shemeji yake: "Jana alisimama kwa vidole vya miguu. Niliona kisigino." Mara nyingine alama ilishuka, naye akaja na uso mzito, tukagundua Mama Feza alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, kutwa nzima ili aonekane anatumika. Tukamwambia mke wa Papa Etienne amwondolee kinu, mkono upate siku zake za kupumzika. Huwezi kujua mambo hayo ukiwa umekaa unangoja mgonjwa akuletee habari. Pointeri wa bandari ndiye aliyetuletea.

Ile ilikuwa miaka ya vurugu. Kulikuwa na siku tulizofunga mlango kwa sababu ya bunduki, na kamba yetu ya boritini ikaning'inia bure. Ukuta wa jikoni haukufungwa. Vidole viliendelea kutembea pale, nami nikipata njia nilikwenda kuangalia mikwaruzo ya mkaa ikipandana, mingine imenyooka, mingine imepinda kwa hasira ya mwenye kuipiga.

Asubuhi moja tukaitwa ufukweni. Mitumbwi ya ndakala ilikuwa imefika, wanawake wanagombania bei, na Mama Feza amesimama na beseni lililojaa. Watoto wake walikuwepo. Papa Etienne alikuwa ameshuka toka bandarini, chaki bado sikioni. Mama Feza akakunja magoti, akainua beseni mpaka pajani, mpaka kifuani, akavuta pumzi, akalipandisha. Likakaa kichwani. Papa Anaclet akafungua mdomo, na sote tulijua neno linalotoka.

"Ngoja kwanza," Papa Etienne akamzuia kwa mkono. "Mama Feza, shusha. Pandisha tena. Mi naona kama umepinda."

Wanawake wa ufukweni walicheka vibaya sana. Mama Feza alimtazama shemeji yake kwa jicho ambalo mjane hamtazami nalo mkuu wa nyumba. Akashusha. Mke wa Papa Etienne akaweka kiganja mgongoni. Beseni likapanda tena, mwili umenyooka, mfupa wa bega umetulia mahali pake.

"Sasa njo amepona," akasema Papa Etienne. Akawageukia watoto. "Mumufuate mama yenu, munaangalia nini?" Kisha akarudi kwenye meli yake, na habari ya kumrudisha mtu kaskazini haikusemwa tena katika nyumba ile.

Mama Feza alipanda kwenda sokoni, mkono mmoja juu ya beseni, mwingine umemshika mtoto mdogo. Hakutuaga. Alikuwa na ndakala wa kuuza na jua linapanda. Siku hiyo hatukupata samaki hata mkia, na ndiyo siku aliyopona.

Baadaye tulianza kuwatafuta wale wa zamani tuliowaandika kwa furaha kwamba wamepona. Yule wa Kabimba aliyetuletea jogoo kwa ajili ya mgongo tulimkuta amelala juu ya magunia, hawezi kujigeuza. "Nilichoka njia, Mama," akaniambia. "Nikaona haya kuondoka bila kuaga." Jogoo alikuwa wa kuaga! Sisi tulimla kwa jina la kupona. Papa Anaclet alicheka mpaka akatoa machozi, halafu akamsaidia kushuka kwenye magunia, akamrudisha kwenye meza yetu ya masaji.

Tangu hapo sheria ikabadilika. Siku ya kwanza tulimuuliza kila mgonjwa, "Unataka kurudia kazi gani?" Mtu wa reli alitaka kupanda ngazi ya behewa likianza kutembea. Fundi alitaka kuchuchumaa mbele ya tofali. Mama kijana alitaka kumfunga mtoto mgongoni bila kumwita mtu. Na zawadi hatukuzikataa, adabu ni adabu. Tulisema, "Pika, tutakuja kula kwako." Watu walidhani Papa Anaclet ni mroho, na sitawadanganya, alikuwa mroho. Lakini alikula macho yakiwa kwenye mgongo wa mpishi. Na kama tulikuta mtu anasema "bado", tulimpenda kuliko wote, tukamuuliza kiasi gani.

Ninyi mna simu. Ni nzuri, inafika hadi Manono kabla hujafunga mdomo. Lakini mkimpigia mtu wa hapa na kumuuliza hali, atawapa samaki. Mimi niliyewafundisha mama zenu kuweka kiganja nimewapa samaki juzi, tena bila aibu.

Kwa hiyo yule kijana wangu, ukiisoma hii, njoo Jumapili. Nitakukaribisha, nitakwambia niko muzuri, nitakushukuru sana. Usiniamini. Niombe maji ya kunywa, kisha kaa kimya utazame nitakavyosimama.